Mita 10, mita 25 au cheti: njia tatu za kukata miti kujikinga na moto wa msitu New South Wales

Mwenye nyumba au shamba linalopakana na msitu katika jimbo la New South Wales, Australia, halazimiki kuomba kibali cha halmashauri kwa kila mti unaomtia hofu. Zipo njia tatu zilizowekwa kwa ajili ya moto tu: Kanuni ya 10/50, kanuni ya mpaka wa shamba ya mita 25, na cheti cha kupunguza hatari ya moto. Watu huzichanganya kwa kuwa zote zinapitia mlango mmoja, RFS, kikosi cha zimamoto cha vijijini. Kila moja, hata hivyo, inalinda kitu chake. Ya kwanza inalinda kuta za nyumba. Ya pili inalinda mpaka. Ya tatu inashughulikia popote penye vitu vya kuulisha moto, hata kama ni mbali na nyumba. Anayechagua kwa kuangalia ipi itamruhusu kukata miti mingi zaidi hubaki na visiki vingi, na nyumba yake ikiwa hatarini vilevile.

Zimezaliwa na misimu mibaya. Oktoba 2013 moto uliteketeza karibu nyumba 200 katika Blue Mountains, magharibi ya Sydney, na tarehe 1 Agosti 2014 Kanuni ya 10/50 ikaanza kutumika. Msimu wa 2019 na 2020 ukala hekta milioni 5.5 za jimbo na zaidi ya nyumba 2,400, na tarehe 11 Septemba 2021 ikaja kanuni ya mita 25. Cheti kilikuwapo kabla ya zote mbili.

Vigezo vya kupimia

Kila njia hapa chini tutaiuliza maswali yaleyale: inalinda nini, inaruhusu kukata nini, inataka makaratasi na muda gani, huharibika wapi, na inamfaa nani. Lakini kwanza lazima tujue moto unaishikaje nyumba, maana bila hilo maswali haya hayana uzito.

Nyumba hushika moto kwa njia tatu. Kuna ndimi za moto zenyewe zinazogusa ukuta. Kuna joto linalotoka kwenye moto ulio mita kadhaa mbali, likapasua vioo vya madirisha kabla ndimi hazijafika. Na kuna makaa yanayopeperushwa na upepo, yakatua kwenye mifereji ya paa iliyojaa majani makavu, chini ya baraza la mbao, au kwenye matandazo ya bustani. Haya makaa ndiyo yanayochoma nyumba nyingi, na kukata miti hakuyazuii sana. Mikaratusi hurusha vipande vya gome vinavyowaka umbali wa kilomita nyingi. Kwa hiyo ukataji wa miti hupunguza ndimi na joto. Makaa huyapunguzi kwa msumeno, unayakabili kwa ufagio, wavu wa chuma kwenye matundu ya hewa na mifereji safi.

Mteremko nao una kauli yake. Kila nyuzi 10 za kupanda, mwendo wa moto huongezeka takriban mara mbili. Nyumba iliyo juu ya kilima, msitu ukiwa chini yake, inahitaji nafasi kubwa zaidi upande ule wa chini kuliko upande mwingine wowote. Msumeno uanzie huko, sio upande wa barabara ambako ni rahisi kufika.

Kuna pia kipimo cha RFS kwa ajili ya eneo la ndani la ulinzi kuzunguka nyumba, ambacho ni vizuri kukifuata kwa njia yoyote utakayochagua. Matawi ya juu ya miti yafunike chini ya asilimia 15 ya eneo. Vilele viachane kwa mita 2 hadi 5. Matawi ya chini yaondolewe hadi mita 2 kutoka ardhini. Vichaka visizidi asilimia 10 ya eneo, na vikae mbali na madirisha kwa angalau mara mbili ya urefu wake. Nyasi zisizidi milimita 100. Tazama vizuri: kipimo hiki hakitaki uwanja mtupu. Kinaruhusu miti, mradi moto usipate ngazi ya kupanda kutoka nyasi hadi kichaka, kutoka kichaka hadi tawi la chini, kisha hadi kileleni.

Njia ya kwanza: Kanuni ya 10/50

Inalinda nini. Nyumba ya kuishi na baadhi ya majengo yenye watu wasioweza kukimbia haraka, kama shule, hospitali na vituo vya kulelea watoto. Hema halihesabiki.

Inaruhusu nini. Ndani ya mita 10 kutoka ukuta wa nje unaweza kuondoa mmea wowote, miti ikiwamo. Kutoka hapo hadi mita 50 unaondoa vichaka na mimea ya chini, miti inabaki. Swali linalozusha ugomvi ni mti ni upi. Kanuni inahesabu kuwa mti chochote chenye shina la mzingo unaozidi sentimita 30, likipimwa mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua. Hilo ni shina la kipenyo cha kama sentimita 9.5 tu, jembamba kuliko wengi wanavyodhani. Mche wa mkaratusi unaouita kichaka, ukiwa mita 30 kutoka nyumbani, huenda kisheria ni mti na huna ruhusa ya kuugusa.

Shina hupimwa palepale kwenye mita 1.3. Sehemu yoyote ya shina ikiingia ndani ya mita 10, mti wote unaweza kuondolewa. Mti ulio mita 11 kutoka ukutani, ambao matawi yake yanalalia paa, haumo ndani ya ruhusa ya kukatwa.

Kwa picha ya ukubwa: nyumba ya mita 12 kwa 15 inazungukwa na ukanda wa mita 10 wenye takriban mita za mraba 850. Ukanda wa mita 50 unafika karibu hekta moja. Mtu mwenye kiwanja cha mjini atakuta ukanda huo umeshavuka ua wake, na ruhusa inakoma pale ardhi ya mtu mwingine inapoanza. Mti wa jirani unahitaji ridhaa ya jirani, hata kama unagusa dirisha lako. Mpangaji naye anahitaji ridhaa ya mwenye nyumba.

Makaratasi na muda. Hakuna fomu. Unaingiza anwani yako kwenye chombo cha mtandaoni cha RFS, kinakuambia kama upo ndani ya eneo la 10/50. Fanya hivyo siku ileile ya kukata, kwa sababu ramani hubadilishwa, na uchapishe majibu yenye tarehe. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako afisa wa halmashauri akibisha hodi.

Inaharibika wapi. Kwanza kwenye miteremko. Zaidi ya nyuzi 18 ukataji una masharti mazito na ripoti ya mhandisi wa udongo, kwa sababu mizizi ndiyo inayoshikilia kilima. Kipimo cha haraka: kwenye mita 10 za mlalo, ardhi ikishuka zaidi ya mita 3.25 umevuka nyuzi 18. Pili ni kando ya maji, ambako mita 10 kutoka vijito na maziwa yaliyotajwa kisheria hazikatwi. Tatu, baadhi ya maeneo yametolewa kabisa, kama ardhi oevu za pwani, kisiwa cha Lord Howe na ardhi yenye mikataba ya hifadhi. Urithi wa wenyeji wa asili wa Australia nao una ulinzi wake: mti wenye kovu la gome lililochongwa zamani kutengenezea mtumbwi au ngao hauguswi. Sheria ya ukatili kwa wanyama inabaki palepale, hivyo tundu la posamu (mnyama mdogo wa Australia aishiye mitini) au kasuku hukaguliwa kabla ya msumeno wa injini kuwashwa.

Kosa kubwa kuliko yote linatokea baada ya kukata. Mkaratusi ukikatwa haufi. Anayeufahamu kutoka Njombe au Nakuru analijua hili: kisiki kinatoa machipukizi mengi, na baada ya miaka michache pale palipokuwa na shina moja safi lenye matawi juu, pana kichaka kinene chenye majani ya mafuta usawa wa dirisha. Umeongeza moto badala ya kuupunguza. Ondoa machipukizi kila mwaka yakiwa laini, au saga kisiki chenyewe kama hakishikilii mteremko. Takataka za matawi nazo zisiachwe kwenye rundo kando ya ukuta. Kuzichoma ni suala la ruhusa nyingine kabisa, si sehemu ya 10/50.

Inamfaa nani. Mwenye nyumba iliyojengwa karibu mno na miti, kwenye ardhi isiyo na mteremko mkali, ambaye anahitaji kuchukua hatua kabla ya majira ya joto.

Njia ya pili: kanuni ya mpaka ya mita 25

Inalinda nini. Mpaka wa shamba: uzio, njia ya gari la zimamoto, na nafasi ya kuukabili moto kabla haujavuka kwenda kwa jirani au kuja kwako. Nyumba inaweza kuwa mbali kabisa na ukanda huu.

Inaruhusu nini. Mimea yote, miti ikiwamo, ndani ya mita 25 kutoka mpaka wa miliki yako, upande wako tu. Ni kwa ardhi za vijijini zilizomo kwenye makundi ya matumizi yaliyotajwa, na chombo cha mtandaoni cha RFS kitakujibu kama yako imo. Neno la kulitazama ni miliki. Ukiwa na viwanja vinne vilivyoungana, hesabu inafanywa kwenye mzunguko wa nje wa vyote kwa pamoja. Huwezi kufyeka mita 25 kila upande wa kila mstari wa ndani.

Makaratasi na muda. Kama 10/50, ukaguzi wa mtandaoni na nakala yenye tarehe. Ongeza kazi ya kutambua mpaka halisi. Uzio wa zamani mara nyingi haufuati mstari wa ramani, na mita 3 za kosa kwenye mpaka wa mita 400 ni mita za mraba 1,200 za msitu wa mtu mwingine au wa hifadhi ya taifa. Panapokuwa na shaka, mlipe mpima ardhi kwanza.

Inaharibika wapi. Mpaka wa mita 400 ukifyekwa mita 25 ni hekta nzima. Kwenye shamba la mraba la hekta 4, lenye mita 200 kila upande, ukanda wa kuzunguka ni hekta 1.75, karibu asilimia 44 ya ardhi yote. Kwa mwenye shamba dogo ruhusa hii ni kubwa kuliko anavyoihitaji, na tunashauri aitumie upande unaotazamana na msitu na upepo mkavu tu. New South Wales upepo wa hatari kwa kawaida hutoka magharibi na kaskazini magharibi.

Ukanda ulio wazi hujaa nyasi. Nyasi zilizokauka hupitisha moto haraka kuliko msitu, kwa hiyo ukanda usiofyekwa kila mwaka unakuwa utambi. Upepo nao hupita kwa urahisi na kukausha majani yaliyo kando. Na mita 25 hazizuii makaa yanayoruka. Faida ya ukanda huu inaonekana pale ambapo gari la zimamoto linaweza kupita na wazimamoto wakawasha moto wa kupambana na moto kutokea hapo. Ukanda wenye magogo yaliyolala na mashimo ya visiki hauna msaada kwao.

Mwisho, miti mizee yenye mashimo. Mkaratusi huchukua miaka mia na zaidi kupata shimo la kutosha bundi au posamu, na ukanda wa mpaka mara nyingi ndiko miti hiyo ilikobaki baada ya mashamba kufyekwa. Mti mmoja mzee uliosimama peke yake, matawi yakiwa juu na chini yake safi, hauongezi hatari kubwa. Uacheni. Maeneo yenye mipango ya kulinda koala yanaweza kuwa nje ya kanuni hii, angalia kabla.

Inamfaa nani. Mfugaji au mkulima mwenye ardhi kubwa, aliye na trekta la kufyeka kila msimu, na ambaye jirani yake yuko tayari kufanya vivyo hivyo upande wake.

Njia ya tatu: cheti cha kupunguza hatari ya moto

Inalinda nini. Hapa hufungwi na ukuta wala mpaka. Unaeleza hatari ilipo, iwe bonde lenye vichaka vinene chini ya nyumba au kipande cha msitu kati ya kijiji na hifadhi, kisha ofisi ya RFS ya wilaya yako inatathmini mazingira yake.

Inaruhusu nini. Kile tu kilichoandikwa kwenye cheti: kufyeka, kupunguza, au kuchoma kwa utaratibu. Cheti kinaweza kutaja mimea ya kuachwa, umbali kutoka kijito, na miaka inayopaswa kupita kati ya uchomaji mmoja na mwingine ili mimea ya asili iwahi kutoa mbegu.

Makaratasi na muda. Fomu, ramani, na mara nyingi mkaguzi kuja kuona. Hakuna ada. Cheti kinadumu miezi 12. Kama kazi ni ya kuchoma, kipindi rasmi cha hatari ya moto ni tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi, na wilaya nyingine huanza mapema. Ndani ya kipindi hicho lazima upate na kibali cha moto. Majirani na zimamoto wapewe taarifa saa 24 kabla. Siku ya marufuku ya moto, kibali hakina nguvu.

Inaharibika wapi. Kwenye kalenda. Anayeomba Septemba anapata cheti wakati siku zinazofaa kuchoma zimekwisha. Omba mwishoni mwa kiangazi cha kule, Februari au Machi, uchome majira ya vuli au baridi, majani yakiwa na unyevu wa kutosha moto utembee taratibu. Tatizo la pili ni kuchoma moto mkali mno, ambao huamsha mbegu za akasia zilizolala ardhini na kuzaa vichaka vinene kuliko vya awali.

Inamfaa nani. Mwenye hatari iliyo nje ya mita 10, mwenye mteremko, au anayetaka kupunguza majani makavu na vichaka huku miti ikibaki. Kwa mtazamo wetu ndiyo njia inayosahaulika bila sababu, kwa kuwa moto wa msitu hulishwa zaidi na vijiti vyembamba chini ya milimita 6, majani na magome kuliko mashina manene.

Ukivuka mto Murray

Wasomaji wanaoishi Albury na Wodonga, miji inayotazamana kwenye mpaka wa New South Wales na Victoria, wawe makini, maana mto ukivukwa sheria inabadilika. Jimbo la Victoria lilibadili kanuni zake Septemba 2009, baada ya moto wa Februari mwaka huo uliowaua watu 173. Kule inaitwa 10/30: mmea wowote ndani ya mita 10 za nyumba, na vichaka bila miti hadi mita 30. Eneo likiwa chini ya ramani maalumu ya hatari ya moto, ile 30 inakuwa 50. Ukanda wa uzio hauzidi mita 4 kwa jumla ya pande zote mbili, na upande wa jirani unahitaji ridhaa yake ya maandishi. Tarehe inayopewa uzito ni 10 Septemba 2009. Uzio lazima uwe wa kabla ya hapo, na nyumba iliyojengwa baadaye mara nyingi hufuata masharti ya kibali chake cha ujenzi. Mita 25 za New South Wales hazipo kule.

Uchague ipi, kwa hali yako

Miti imegusa paa na ardhi haina mteremko mkali: 10/50, na ukanda wa hadi mita 50 usafishwe vichaka siku hizohizo, maana kukata miti na kuacha vichaka ni nusu ya kazi.

Nyumba iko juu ya mteremko wa zaidi ya nyuzi 18: usianze na 10/50. Piga simu RFS, uombe mkaguzi na ufikirie cheti, ukiondoa vichaka na matawi ya chini huku mizizi ikibaki ardhini.

Shamba la hekta mia, mifugo, uzio unaopakana na msitu: mita 25 upande wa upepo, njia ya gari ikiwa imetengenezwa vizuri, na 10/50 kuzunguka nyumba. Kanuni hizi mbili zinaweza kutumika kwenye shamba moja.

Shamba dogo la hekta 4 au chini: 10/50 kwa nyumba, cheti kwa kipande chenye vichaka. Mita 25 ziwe upande mmoja tu, kama zinahitajika.

Mti wenye hatari ni wa jirani: hakuna kati ya njia hizi itakayokuruhusu kuukata bila yeye. Zungumza naye, akikataa, peleka malalamiko ya hatari ya moto RFS, nao watakagua.

Umepanga nyumba: ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba kwanza. Kusafisha mifereji ya paa na kufagia majani hakuhitaji kibali cha RFS wala cha halmashauri.

Mzee au mtu mwenye ulemavu asiyeweza kazi hizi: RFS ina mpango wa bure uitwao AIDER, ambao hutuma watu kupunguza matawi na kufyeka kuzunguka nyumba. Uliza ofisi ya wilaya wakati wa baridi, kabla foleni haijarefuka.

Mti uko mita 15 kutoka ukutani, mkubwa, umeinama na mizizi imelegea: hiyo ni hatari ya kuanguka, na njia yake ni halmashauri na ripoti ya mtaalamu wa miti. Usiupitishe kwa jina la moto.